Kocha wa Shule Anaanzia Wapi?

  

Leo nina neno na kijana mmoja. Yuko mahali fulani hapa Tanzania, simfahamu kwa sura, lakini ujumbe wake unanifikia kila mara. Ni mwalimu mpya, pengine wa Jiografia, pengine wa Kiswahili, ameripoti shule ya kata hivi karibuni. Au si mwalimu. Alimaliza kidato cha nne, alikuwa mchezaji mzuri, goti likamkatalia, na sasa jioni anafundisha watoto wa mtaani kwake. Awe yeyote kati ya hao wawili, anauliza swali moja: nataka kuwa kocha wa michezo wa shule ya sekondari, naanzia wapi?

Swali zuri. Ninalipenda kwa sababu anayeliuliza hakuuliza habari za Simba wala Yanga. Ameuliza habari za watoto. Basi tukae tulijibu.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu ajira. Ukingojea tangazo linalosema shule fulani ya serikali inatafuta kocha, utangojea sana. Katika shule nyingi za serikali kuna mwalimu wa michezo, naye ni mwalimu kama wengine: ana vipindi vyake, ana madaftari ya kusahihisha, ana wiki yake ya zamu. Mkuu wa shule alimtazama kikaoni akasema, wewe utashika michezo. Basi. Mshahara ni uleule, na ikitokea safari ya mashindano, huenda ikapatikana posho. Shule binafsi ni habari nyingine, maana zipo zinazoajiri kocha kwa mkataba, hasa wa soka, kikapu na kuogelea. Lakini nazo zitakuuliza swali moja: umewahi kufundisha wapi?

Kwa hiyo kazi hii inaanza kabla ya ajira. Narudia hapo, maana ndipo wengi wanapokwama: kazi inaanza kabla ya ajira. Kama ni mwalimu, nenda kwa mkuu wa shule mwenyewe, usingoje uteuliwe. Kama si mwalimu, pitia serikali ya mtaa wako, chukua barua ya utambulisho, vaa vizuri, nenda ofisini kwa mkuu wa shule iliyo jirani, useme unaomba kujitolea kumsaidia mwalimu wa michezo siku mbili kwa wiki. Taja siku na saa. Ukisema "nitakuwa nakuja kuwasaidia", atakushukuru na kukusahau. Ukisema "Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi kumi na moja na nusu jioni, nitakuwa chini ya mwalimu wenu", amepata jambo la kulifikiria. Naye ana haki ya kukuchunguza. Hawa ni watoto wa watu. Akikuomba majina ya wanaokufahamu, mpe bila kununa.

Sasa labda unasema moyoni: mimi sina cheti, sikusomea michezo, nani atanisikiliza? Hebu tuvuke mpaka kidogo, twende Iten, Kenya, kule juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Kuna shule ya wavulana inaitwa St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika pale Mwairishi mmoja wa shirika la kitawa, Bruda Colm O'Connell. Alikuja kufundisha Jiografia. Hakuwa mkimbiaji, hakuwa na cheti cha ukocha wa riadha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, Mwingereza aliyeitwa Pete Foster, na Foster alipoondoka, yeye akabaki na watoto, na uwanja, na kazi.

Alifanyaje? Alitazama. Aliwauliza wanafunzi wenyewe wanajisikiaje, akaandika, akajaribu, akabadilisha. Mwaka 1988 kule Seoul, Peter Rono, kijana aliyepitia shule hiyo, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500. Mwaka uliofuata Bruda Colm akaanzisha kambi za vijana wakati wa likizo, wasichana nao wakiwamo. Na mnamo 2004 alimwona kijana mrefu wa Kimaasai aliyekuwa anakimbia mita 400, akamwelekeza kwenye mita 800. Kijana huyo ni David Rudisha. Miaka minane baadaye, London 2012, alikimbia kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 1 na sekunde 41.

Nimewaletea habari hii kwa sababu gani? Si kwamba kila mwalimu wa Jiografia atampata Rudisha wake. Ninachotaka mkione ni ile miaka. Kati ya 1976 na 1988 ni miaka kumi na miwili ya kusimama pembeni ya uwanja wa shule, jioni baada ya jioni, na watoto ambao wengi wao hatukuwahi kusikia majina yao. Hao ambao hatukuwasikia ndio ninaotaka tuwazungumzie leo.

Haya, sasa njoo uwanjani. Ni Jumanne, saa kumi jioni. Asubuhi ulitangaza paredini kwamba wanaotaka mpira wabaki. Ulitegemea watoto ishirini, wamekuja sitini. Wengine wamevaa raba, wengine ndala, wengi miguu mitupu. Mipira ni miwili, na mmoja umeachia mshono, bladda inachungulia. Upande wa goli moja kuna kichuguu. Unafanya nini?

Wengi hufanya hivi: wanapanga foleni ndefu mbele ya goli, kila mtoto apige shuti moja, arudi nyuma. Hebu piga hesabu pamoja nami. Watoto sitini, mpira mmoja, na kila shuti linachukua nusu dakika kwa sababu mpira unafuatwa majanini. Mtoto akishapiga shuti la kwanza, atapiga la pili baada ya nusu saa. Nusu saa amesimama! Hayo ni mazoezi ya kusimama.

Fanya hivi badala yake. Wagawe makundi matano ya watu kumi na wawili. Kundi la kwanza lichukue mpira mzima, sita kwa sita, kwenye eneo dogo la hatua thelathini kwa ishirini, magoli ya mawe. Kundi la pili licheze vivyo hivyo kwa mpira wa matambara uliofungwa kamba. Chandimu imewafundisha wengi kutuliza mpira kabla hawajagusa mpira wa dukani. Kundi la tatu likimbie mbio za kupokezana, kijiti ni kipande cha mti. Kundi la nne lishike ule mpira ulioachia mshono: kuurusha na kuudaka kwa mikono, wawili wawili, kwa kupokezana. Kundi la tano likae kivulini, linywe maji, na mmoja wao aandike magoli. Kila baada ya dakika kumi piga filimbi, makundi yabadilishane. Katika dakika hamsini kila mtoto amecheza, amekimbia, amerusha, amepumzika. Nawe umewaona wote sitini. Umegundua kuna binti ana mkono wa kudaka ambao mwalimu wa netiboli angeutafuta mwaka mzima.

Halafu kuna daftari. Nunua daftari kubwa la jalada gumu. Siku hiyohiyo ya kwanza andika jina la kila mtoto, kidato, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu ya mzazi au mlezi, na kama ana maradhi: pumu, kifafa, selimundu, shida ya moyo. Kila mazoezi, ita majina. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo, muulize kwa upole, pembeni lakini mahali mnapoonekana. Utasikia mambo. Mmoja anachota maji jioni. Mwingine anatembea mwendo mrefu na giza linamkuta njiani. Mwingine hajala tangu asubuhi. Kuna aliyeambiwa na mwenzake kwamba yeye hawezi, abaki nyumbani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kiini cha mazungumzo yangu. Wiki ya tatu au ya nne utachagua timu. Wachezaji wa soka kumi na wanane, tuseme, na wengine wachache wa riadha na wavu. Watoto zaidi ya thelathini hawatakuwamo. Je, Alhamisi inayofuata watarudi?

Hicho ndicho kipimo changu cha kocha wa shule. Aliyeachwa, anarudi Alhamisi? Kama anarudi, huyo ni kocha. Kama uwanja umebaki na kumi na wanane tu, basi hata ukirudi na kombe, shule imekuwa na timu, haijawa na michezo.

Mtu ataniambia: bwana, tunatafuta vipaji, hatuwezi kubeba kila mtu. Namwelewa. Lakini waangalieni watoto wawili wa kidato cha kwanza. Wote wana miaka kumi na minne. Mmoja ameshabalehe, ana mabega, anampita kila mtu kwa nguvu. Mwenzake bado mdogo, anasukumwa, anaangushwa. Leo huyu wa kwanza ni nyota. Miaka mitatu mbele, yule mdogo naye amekua, na kwa kuwa alilazimika kutumia akili pale mwili ulipomkatalia, anampita. Mwili una ratiba yake. Ukimfukuza yule mdogo leo, umemfukuza mchezaji wako wa kidato cha nne. Kumbuka pia kwamba Rudisha hakuanza na mita 800. Angeachwa kwenye mbio zake za mwanzo bila mtu wa kumtazama kwa jicho la pili, dunia ingemjulia wapi?

Kwa hiyo siku ya kutangaza timu, usibandike karatasi ukutani ukaondoka. Waite. Mwambie kila aliyeachwa jambo moja analoweza na jambo moja la kufanyia kazi. Itakuchukua jioni nzima, nayo jioni hiyo ina thamani kuliko mechi mbili za kirafiki. Na wape wengi kazi: marefa wa darasa, wapiga chaki ya mistari, watunza vifaa, manahodha wa ligi ya ndani ya madarasa. Ligi ya madarasa, wasikilizaji, ni dawa. Kidato cha pili A dhidi ya B, Ijumaa jioni, hapo kila mtoto ana timu.

Tuwazungumzie wasichana. Shule ngapi utakuta uwanja mzima ni wa wavulana, na wasichana wamekaa pembeni wameshika masweta ya wenzao? Wengine wanasema wasichana hawataki. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia kule India. Ikawafunga Ufaransa mabao mawili kwa moja, ikafika robo fainali. Wale ni watoto wa umri wa sekondari. Wakati ule timu yetu ya wakubwa ya wanaume ilikuwa haijawahi hata kugusa Kombe la Dunia. Halafu mtu akuambie hawataki!

Wanataka, ila wana vikwazo vyao, na kocha anayeanza lazima avijue. Ratiba imalizike mapema wafike nyumbani mchana bado upo. Awepo mwalimu wa kike wa kuzungumza nao mambo ambayo hawatakuambia wewe mwanaume, la kwanza likiwa hedhi. Binti wa Kiislamu akitaka kucheza soka na hijabu yake na suruali ndefu, acheze. Sheria za soka zimeruhusu hijabu rasmi tangu mwaka 2014. Na baba yake akikataa, mfuate nyumbani, ukiwa na huyo mwalimu wa kike, mketi, mnywe chai, umweleze nani atakuwapo uwanjani na saa ngapi binti atarudi. Mara nyingi baba hakatai mchezo. Anakataa kutojua.

Hapo niongeze jambo zito, na nalisema bila kuzunguka. Usikae na mwanafunzi peke yenu mahali pasipoonekana. Usimwandikie ujumbe wa faragha usiku. Safari ya mashindano isiondoke bila matroni. Mkilala madarasani huko mashindanoni, wavulana mbali, wasichana mbali, na watu wazima wanajulikana wako wapi. Mtoto akikuletea malalamiko juu ya mtu mzima, hata kama ni rafiki yako, yapeleke kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo. Asiyeweza masharti haya asiombe kazi hii.

Afya nitaipitia haraka. Maji yawepo. Jua la saa nane mchana yaachie mawe. Radi ikianza kunguruma, watoto watoke uwanjani na wasikimbilie chini ya mti. Mtoto akigonga kichwa akachanganyikiwa au akatapika, hachezi tena siku hiyo, hata kama ni fainali, na apelekwe kituo cha afya.

Sasa tuje kwenye mashindano, maana najua mlikuwa mnayangoja. Sekondari zetu zina UMISSETA. Mnaanza shuleni, mnakwenda ngazi ya wilaya, kisha mkoa, na mikoa inakutana kitaifa. Miaka ya karibuni fainali zimefika Mwanza, Mtwara, Tabora. Ukitoka shule yako kwenda wilayani, kutaundwa timu ya wilaya kutoka shule mbalimbali, na makocha wake huchaguliwa miongoni mwa walimu wenyewe. Hapo ndipo ngazi ya kazi yako inapoanza kuonekana. Mwalimu wa shule ya kata isiyojulikana anaweza kujikuta kwenye benchi la mkoa, kwa sababu afisa michezo wa wilaya alimwona anajua watoto wake kwa majina, ana kumbukumbu zao, na timu yake inafika kwa wakati.

Na hapo hapo ndipo mtego ulipo. Utaitwa pembeni. Utaambiwa, mwalimu, kuna kijana hapa mtaani ni hatari, ameshamaliza shule mwaka juzi, mvalishe sare, nani atajua? Mamluki. Au vijeba, watu wazima wenye ndevu waliopewa tarehe mpya ya kuzaliwa. Wasikilizaji, tunalizungumza jambo hili kwa minong'ono miaka yote, na mimi leo nalisema kwa sauti: kila mamluki anayeingia uwanjani amekalia nafasi ya mtoto. Mtoto huyo ana jina, liko kwenye daftari lako. Alikuja kila Jumanne na kila Alhamisi. Halafu siku ya mechi anaangalia mtu asiyemfahamu amevaa jezi yake. Utamfundisha nini tena baada ya hapo? Kataa. Ukiwa mpya utaogopa kumkatalia mkubwa, basi mwonyeshe daftari: mzee, wachezaji wetu ni hawa. Timu ikigundulika inaondolewa, na jina linalobaki kwenye taarifa ni la kocha.

Haya, na vyeti je? Nimesema uanze bila cheti, sijasema ubaki bila cheti. Kwenye soka, shirikisho letu, TFF, huendesha kozi, na leseni za CAF, shirikisho la Afrika, zinaanzia D, zinapanda C, B, A, mpaka ya juu kabisa. Wewe wa shule anza na D, inatosha kukufungulia macho. Netiboli waone CHANETA, kikapu TBF, riadha Shirikisho la Riadha, na wavu nao wana chama chao. Usione haya kwenda ofisi ya afisa michezo wa wilaya kuuliza kozi ijayo ni lini. Anayetaka kusomea kwa kina, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba mkoani Mwanza, na kwa anayetaka ualimu wenye michezo ndani yake, Chuo cha Ualimu Butimba kina historia ndefu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo kwa ngazi ya shahada.

Lakini nenda kozini ukiwa umeshakaa uwanjani angalau msimu mmoja. Nawasihi sana hapo. Mkufunzi akieleza namna ya kupanga mazoezi, wewe utakuwa unawaona watoto wako sitini na mipira yako miwili, na utajua uulize nini. Aliyekwenda mikono mitupu hurudi na michoro mizuri ya vifaa ambavyo shule yake haina.

Kuna msikilizaji aliuliza kama kuna maisha humu, maana ana mke na mtoto. Nijibu kwa heshima, kwa kuwa swali ni la haki. Miaka ya mwanzo usiitegemee kazi hii kwa chakula. Shika ualimu wako, au ufundi wako, au shamba. Baadaye milango ipo: shule binafsi, vituo vya kulea vipaji, timu za vijana za klabu, urefa, uafisa michezo. Wapo waliopita humo. Ila natamani sana siku halmashauri zetu zitakapoona kwamba mwalimu anayebaki na watoto hadi saa kumi na mbili jioni anastahili kupunguziwa vipindi, au kulipwa muda ule. Tunamdai makombe na hatumpi hata mpira. Hilo wakubwa wanaonisikia walichukue.

Swali la mwisho nililonalo mezani: nianze lini? Anza Januari, kidato cha kwanza wanapopokelewa. Mashindano kwa kawaida huja katikati ya mwaka, kwa hiyo una miezi ya kutosha kuwajua. Omba nafasi kwenye ile wiki yao ya kwanza ya kuizoea shule, saa moja tu, uwachezeshe wote bila kuchagua. Hawajuani, wengine wametoka vijiji vya mbali, wengine wanalia usiku bwenini. Saa hiyo moja itawapa marafiki. Na kama Januari imeshapita, Jumanne ijayo ipo.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu marefa wa mashuleni, wale wanafunzi wanaoshika filimbi. Kama shuleni kwenu wapo, tuandikieni.